Mlango wa mashariki umefunguka, ufunguo ungali Kinshasa: safari ya pasipoti kwa mkaaji wa Kisangani

Chukua mfano wa mama mmoja wa komine ya Mangobo. Mume wake ni mgonjwa tangu miezi. Munganga wa hapa Kisangani amefanya kile alichoweza, kiisha amesema wazi: huyu baba inafaa apelekwe Kampala ao Nairobi, kule kuna mashini zenye hapa hakuna. Familia inakutana, wanachanga feza, mwenye shamba anauza shamba. Feza za hospitali zinapatikana. Paka hapo ndipo mtu mmoja anauliza: "Baba iko na pasipoti?" Nyumba nzima inanyamaza.

Ukitandika karta ya Afrika juu ya meza na kupima kwa rula, utaona kama Kampala iko kwenye kilomita 800 na kitu kutoka Kisangani, kwa mstari wa ndege. Kinshasa, mji mkuu wa inchi yetu, iko kwenye kilomita zaidi ya 1,200. Kwa mto ni karibu kilomita 1,700. Hospitali inayotafutwa iko karibu kuliko ofisi kubwa inayotoa kitabu cha kusafiri. Hiyo ndiyo shida ya mkaaji wa Tshopo kwa ufupi, na kwa majirani wa Bas-Uele, Haut-Uele na Ituri haina tofauti kubwa.

Upande wa mashariki milango imefunguka

Tangu miaka michache mambo mengi yamebadilika upande wa majirani. Tarehe 8 Aprili 2022 Raisi Félix Tshisekedi alitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe 11 Julai mwaka ule Congo ikawa memba kamili. Wengi walisema ni siasa tu, hakuna kitu itabadilika. Lakini kwa msafiri, kitu kilibadilika.

Tangu tarehe 1 Septemba 2023, Kenya haiombi tena viza kwa Mkongomani. Uganda nayo iliondoa malipo ya viza kwa Wakongomani kuanzia mwaka wa 2024. Mbele ya hapo, kwenye mpaka wa Uganda mtu alikuwa analipa dola 50. Kwa familia ya watu wanne ni dola 200 zilizokuwa zinaisha mbele ya kununua hata mkate. Upande wa Rwanda na Burundi, wakaaji wa mipaka walikuwa wanavuka kwa urahisi tangu zamani, kupitia CEPGL, umoja wa inchi tatu uliozaliwa mwaka wa 1976.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kisangani mwenye kwenda kuchukua bidhaa Kampala, mwanafunzi mwenye kupata nafasi Nairobi, mgonjwa mwenye kutafuta munganga, wote viza siyo tena kizuizi chao kikubwa. Kizuizi ni pasipoti yenyewe. Mlango uko wazi, lakini kuupita inafaa kitabu kile, na kitabu kile njia yake inaelekea magharibi.

Kuna pia magumu ya usalama. Barabara ya kutoka Kisangani kupitia Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda ndiyo inaelekea Ituri, Beni na mpaka wa Kasindi. Kwenye sehemu za njia hiyo waasi wa ADF wameua watu wengi. Goma na Bukavu, miji iliyokuwa inasaidia watu wengi wa mashariki kutafuta makaratasi na kuruka inje, ziliingia mikononi mwa M23 kati ya Januari na Februari 2025. Serikali ya Kinshasa haiongozi tena ofisi za kule. Mkaaji wa Kivu anayetaka karatasi ya serikali inafaa atafute mji mwingine, na Kisangani ni moja ya miji michache mikubwa ya mashariki iliyobaki chini ya serikali.

Nani anafanya nini

Watu wengi wanapoteza wakati na feza juu hawajui ofisi gani inashugulika na nini. Wengine wanafika kwa DGM kuomba pasipoti, wanarudishwa. Wengine wanadhani gavana ndiye anatoa.

Pasipoti inatolewa na Wizara ya Mambo ya Nje. DGM, yaani ofisi ya uhamiaji, kazi yake iko kwenye mipaka na kwenye viwanja vya ndege: inapiga muhuri wa kutoka na kuingia, na inafuata wageni wanaokaa inchini. Mgeni akitaka kuingia Congo anaomba viza kwa ubalozi wetu ulio inchini mwake. Akitaka kubaki muda mrefu, ni DGM anashugulika nayo. Na viza ya kwenda kwa wengine inatolewa na ubalozi wa inchi ile mtu anakokwenda, hakuna ofisi ya Congo inayoweza kuiuza.

Mbele ya pasipoti kuna makaratasi mengine, na hapa ndipo wengi wanakwama. Komine inatoa cheti cha kuzaliwa. Wizara ya Sheria inatoa cheti cha uraia. Karte ya uchaguzi ya CENI ndiyo imekuwa kitambulisho cha watu wengi, juu inchi haina karte ya uraia kwa kila mtu. Tarehe 30 Juni 2023 Raisi alizindua karte mpya ya uraia na kupokea ya kwanza, lakini mkataba wa kazi hiyo ulivunjwa mwaka wa 2024. Mwenye hakupata karte ya uchaguzi, ao mwenye ilipotea kwenye vita, anaanza safari akiwa nyuma ya wengine.

Kuna pia karte ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Kila mtu mwenye zaidi ya miezi tisa anaombwa kuwa nayo akiingia Congo. Mtu anayesafiri bila chanjo anaweza kurudishwa ao kulipishwa kwenye mpaka, na wale wanaonunua karte bila kuchomwa sindano wanajihatarisha wenyewe, juu ugonjwa haujui karte.

Dola 185, kisha 99, kisha 75

Bei ya pasipoti ya Congo ni hadithi ndefu, na inafaa kila mlipaji aijue.

Mwaka wa 2015 serikali ilitia sahihi mkataba wa miaka mitano na kampuni ya Ubelgiji, Semlex, kwa kutengeneza pasipoti ya biometriki. Bei ikawekwa kwenye dola 185. Ilikuwa moja ya pasipoti za bei kali zaidi duniani, na ilidumu miaka mitano tu. Kwa kulinganisha, leo Mtanzania analipa shilingi 150,000 za kwao, yaani dola karibu 60, kwa pasipoti ya miaka kumi.

Mwezi wa Aprili 2017, shirika la habari Reuters lilitoa uchunguzi ulioonyesha vile zile dola 185 zilikuwa zinagawanywa. Serikali ya Congo ilikuwa inapata dola 65. Semlex ilikuwa inapata 48. Dola 12 zilikwenda kwa kampuni nyingine ya hapa inchini. Na dola 60 zilikwenda kwa kampuni moja iliyoandikishwa kule Ras Al Khaimah, kwenye Falme za Kiarabu. Nyuma ya hapo justisi ya Ubelgiji ilifungua uchunguzi juu ya mkataba ule.

Hesabu hiyo ni ya maana kwa mtu wa Lubunga ao wa Kabondo. Mzazi aliyelipa dola 185 juu ya mtoto aende kusoma, alidhani feza zote zinakwenda kwa hazina ya Leta. Kumbe kwa kila dola tatu, karibu mbili zilikuwa zinakwenda penginepo.

Mkataba ulipoisha mwaka wa 2020, wizara ilishusha bei hadi dola 99 mwishoni mwa mwaka ule. Mwaka wa 2025, chini ya waziri Thérèse Kayikwamba Wagner, pasipoti mpya iliyotengenezwa na kampuni ya Ujerumani Dermalog ilianza kutolewa, kwa bei ya dola 75. Kwa miaka kumi bei imeshuka kwa zaidi ya nusu, na inafaa kuisema wazi juu ni mabadiliko ya kweli.

Lakini bei iliyoandikwa kwenye ukuta wa ofisi siyo bei ambayo mkaaji wa jimbo analipa.

Umbali ni kodi isiyoandikwa

Tazama hesabu ya yule mama wa Mangobo. Mtu wa Kinshasa anapanda basi, anafika kwa wizara kule Gombe, anauliza habari, kesho anarudi tena. Karatasi ikikosa muhuri, anakimbia komine, mangaribi amemaliza. Mtu wa Kisangani, kila mara faili inapokwama Kinshasa, inafaa atafute ndege ao ndugu wa kumfuatia. Tangu mwaka wa 2009 kuna Go Pass: dola 10 kwa safari ya ndani, dola 50 kwa safari ya inje, mbali na tiketi yenyewe. Kwa baleniere feza ni kidogo, lakini siku zinahesabiwa kwa majuma, na ajali za mto tunazijua.

Wakati ule wote mtu anakula, analala kwa ndugu, na anapoteza kazi yake. Mwenye kuendesha toleka ao moto akiacha kazi juma mbili, watoto wanasikia. Ndiyo maana kushusha bei kutoka 185 hadi 75 kulisaidia wa Kinshasa kwa ukamilifu, na wa majimboni kwa nusu tu. Ile nusu ya pili itapatikana siku huduma itafanyika kamili hapa: mtu kutoa faili Kisangani, kupigwa picha na vidole Kisangani, kupokea kitabu Kisangani, na kujua kwa tarehe gani.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 30, inasema mtu ana haki ya kutembea, kutoka inchini na kurudi. Haki hiyo haikuandikwa kwa mkaaji wa mji mkuu peke yake.

Umbali unazaa komisionere

Pale ofisi iko mbali, pale ndipo komisionere anazaliwa. Anajua mtu ndani. Anasema: "Mama, usichoke bure. Leta feza na picha mbili, mimi nitakufanyizia." Mama anahesabu: tiketi ya kwenda Kinshasa ni ghali kuliko ile anayoombwa. Kwa hesabu yake, komisionere ni rahisi. Siyo ujinga, ni hesabu.

Hatari yake ni tatu. Ya kwanza, feza kupotea, na hakuna pa kwenda kulalamika juu hakuna risiti. Ya pili, jina ao tarehe ya kuzaliwa kuandikwa vibaya. Herufi moja tu kati ya pasipoti na diploma inaweza kufanya ubalozi kukatala faili. Ya tatu ni mbaya zaidi: pasipoti ya biometriki inaomba vidole na sura ya mwenyewe, kwa hiyo anayeahidi kuileta bila mtu kufika mwenyewe, kile anachoahidi hakiwezi kuwa cha haki. Anayekamatwa nacho kwenye mpaka ni msafiri, komisionere amebaki kwake.

Viza ya Ulaya, mlango mwingine wa Kinshasa

Kwa wenye kutafuta kwenda Poto, barabara ni ile ile. Inchi nyingi za Schengen zinapokea faili kwenye kituo kimoja Kinshasa, kwa Wabelgiji. Historia ya kituo hiki inaonyesha vile ugomvi wa wakubwa unaangukia wadogo. Mwanzoni mwa 2018, serikali ya Kinshasa ilipogombana na Ubelgiji, nyumba ile iliyoitwa Maison Schengen ilifungwa kwa amri ya Congo. Wanafunzi na wagonjwa walibaki na faili mikononi. Ilifunguliwa upya mwaka wa 2019 kwa jina la Kituo cha Ulaya cha Viza.

Tangu tarehe 11 Juni 2024, viza ya muda mfupi ya Schengen inalipiwa euro 90 kwa mtu mkubwa na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 12 kasoro. Feza hiyo hairudi hata viza ikikataliwa. Inafaa bima ya safari ya euro 30,000 kwa uchache. Faili inaweza kutolewa miezi sita mbele ya safari, na jibu kwa kawaida linachukua siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Jambo moja wakaaji wa mbali inafaa walijue: aliyekwisha kutoa vidole kwa viza ya Schengen, vidole vile vinaweza kutumika tena kwa muda wa miezi 59.

Na habari za redio za barabarani ni za kuchunga. Mwezi wa Juni 2025 Marekani ilipofunga mlango kwa raia wa inchi 12, wengi hapa walisikia "Congo" na kuvunja safari. Iliyokuwa kwenye liste ile ni Congo-Brazzaville.

Ukiisha kuvuka, nani anakulinda?

Kazi ya konsula haimaliziki kwa kitabu na muhuri. Mapatano ya Vienna ya tarehe 24 Aprili 1963 yanasema konsula anasaidia raia wa inchi yake walio ugenini. Kifungu cha 36 kinasema mgeni akikamatwa, wenye kumkamata inafaa wamwambie mara moja kama ana haki ya kuomba konsula wake ajulishwe.

Konsula hawezi kumtoa mtu gerezani, hawezi kulipa deni lake la hospitali, hawezi kumfanya hakimu abadili neno. Lakini anaweza kumtembelea, kutafuta avoka, kujulisha familia, na kumpa karatasi ya kurudi nyumbani kama pasipoti imepotea. Kwa dada anayekwenda kufanya kazi ya nyumba kwenye inchi za Waarabu, na patroni anachukua pasipoti yake siku ya kwanza, karatasi hiyo ndiyo tofauti kati ya kurudi na kubaki.

Congo yenyewe ilifundishwa somo hili kwenye mahakama. Ahmadou Sadio Diallo, raia wa Guinea, alifika hapa mwaka wa 1964 na kufanya biashara zaidi ya miaka 30. Mwezi wa Novemba 1995 alikamatwa Kinshasa, na tarehe 31 Januari 1996 akafukuzwa. Guinea ilimtetea mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye. Tarehe 30 Novemba 2010 mahakama ilisema Congo ilivunja haki zake, kati yake ile ya kuambiwa kama anaweza kuita konsula. Mwaka wa 2012 Congo ilihukumiwa kulipa dola 95,000. Ni mahakama ile ile ambayo tarehe 9 Februari 2022 ilihukumu Uganda kulipa Congo dola milioni 325, kesi ambayo watu wa Kisangani wanaijua vizuri juu ya vita ya siku sita ya Juni 2000. Sheria iliyotupatia haki kule, ndiyo ile iliyotukosoa hapa. Mgeni anayekamatwa Kisangani ana haki ile ile ambayo Mkongomani anaitaka akiwa Nairobi ao Dubai.

Wazee wa Boyoma wanakumbuka pia kama mji huu ulikuwa na makonsula wake. Mwaka wa 1964, wakati wa Simba, konsula wa Marekani Michael Hoyt na mwenzake wa Ubelgiji Patrick Nothomb walishikwa mateka hapa pamoja na raia wa inchi zao, mpaka paratropa wa Ubelgiji waliposhuka tarehe 24 Novemba. Makonsula hawakuwa mbali na watu wao. Walikuwa nao ndani ya hatari. Leo, mkaaji wa Kisangani akitafuta ubalozi, macho yake yanaelekea Kinshasa tu.

Mambo ya kushika

Mbele hata ya kufikiria safari, cheti cha kuzaliwa na cheti cha uraia vitafutwe sasa, wakati hakuna haraka. Jina liandikwe namna moja kwenye karatasi zote. Feza zilipwe kwa banki ao kwa kaisi inayotoa risiti, na risiti ihifadhiwe. Kopi ya pasipoti ibaki kwa ndugu nyumbani, na namba ya ubalozi wa Congo kule unakokwenda iandikwe pembeni ya namba ya familia. Aliyechukua uraia wa inchi nyingine ajue kama kifungu cha 10 cha Katiba kinasema uraia wa Congo ni mmoja, hauchangwi na mwingine. Akirudi kutembelea wazazi, ataombwa viza kama mgeni.

Na kwa wabunge wa Tshopo, wa jimbo na wa taifa, kuna ulizo rahisi la kupeleka kwa wizara: pasipoti ngapi zimetolewa hapa Kisangani mwaka huu, na kila moja imechukua siku ngapi? Jibu la hesabu hizo mbili litaonyesha kama huduma imefika kweli ao ni kibao tu mlangoni.

Yule mama wa Mangobo haombi zawadi. Ana dola 75. Anaomba paka kitabu kitoke mbele ugonjwa haujamaliza mume wake.